Barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo: mkojo wa wachezaji mnapima, sasa pimeni na moyo

Kwa Waziri wa Michezo, kwa viongozi wa FKF, shirikisho letu la soka, kwa Athletics Kenya pale Riadha House, kwa wenzenu wa raga na basketboli, na kwa Kaunti ya Nairobi ambayo ina viwanja vyake,

Waheshimiwa, salamu.

Mimi ni mtu wa begi. Kila timu ya Eastlands iko na mmoja, yule anaingia mbio refa akimwita, na sprei na barafu na bandeji. Wachezaji wananiita doki lakini mimi si daktari, nilisomea huduma ya kwanza, nikaongeza kozi ya fizio, na mengine nimeyapata kwa kuwauliza madaktari wa moyo maswali kila nikipata nafasi. Nawaandikia juu ya ugonjwa wa moyo kwa wachezaji, jambo ambalo hapa kwetu tunaliongea siku mbili tatu mtu akianguka kwa TV alafu tunarudi kwa stori za makocha na mishahara.

Ombi nalisema mapema ndio msilitafute mwisho. Mchezaji yeyote anayelipwa kucheza nchi hii asipewe kadi ya msimu kabla moyo wake kupimwa, na upimwe na mtu anayejua moyo wa mwanamichezo unakaa aje. Na uwanja usichezewe mechi ya ligi kama hauna mashine ya kushtua moyo na mtu wa kuishika. Basi.

Wengi wetu wa umri fulani tulimuona Marc-Vivien Foé. Tarehe 26 Juni 2003, Lyon, Cameroon na Colombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara, dakika ya 72, jamaa yuko peke yake katikati ya uwanja, hakuna mtu amemgusa, anaenda chini. Alifariki akiwa na miaka 28. Walipopasua maiti wakakuta misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi, kitu alichokuwa nacho siku zote akikimbia dakika 90 kila wikendi. Na kabla yake kulikuwa na Samuel Okwaraji wa Nigeria, Lagos, Agosti 1989, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia na Angola. Baadaye Patrick Ekeng kule Bucharest 2016, Cheick Tioté mazoezini kule Uchina 2017, Raphael Dwamena kule Albania 2023. Nimetaja Waafrika peke yao makusudi, juu kuna watu hapa mtaani wanaamini haya ni mambo ya Ulaya, kwamba kijana aliyekula ugali na kukimbia kutoka utoto hawezi kuwa na moyo mgonjwa. Anaweza. Tena huyo anayekimbia sana ndio yuko kwa hatari, juu ule moyo wenye kasoro unaweza kukaa kimya miaka na miaka kama mwenyewe ni mtu wa kukaa ofisini, lakini ukiusukuma mpaka mwisho wa nguvu zake, jua kali, maji yameisha mwilini, umeme wa moyo unavurugika, moyo unaacha kupiga unaanza kutetemeka, na ukitetemeka damu haiendi kwa ubongo.

Kasoro zenyewe ni nyingi na sitazimaliza. Kuna hio ya misuli kunenepa. Kuna ya misuli ya upande wa kulia kubadilika ikawa mafuta na kovu. Kuna mishipa ya moyo ambayo mtu amezaliwa nayo ikiwa imepita njia isiyofaa. Kuna za umeme tu, moyo ukiuangalia ni mzuri kabisa lakini waya zake zina shida. Kuna moyo uliovimba baada ya homa, mtu alikuwa na mafua makali wiki jana na kocha akamwambia atoe jasho itaisha. Na kuna moja yetu kabisa, ya huku tunakoishi watu wengi kwa chumba kimoja, ile ya valvu kuharibika baada ya koo la utotoni ambalo halikutibiwa. Mtoto anaumwa koo, anapewa chai ya tangawizi, koo linapoa, kumbe mwili umeanza kushambulia valvu za moyo, na penisilini ya bei ndogo ingezuia hayo yote. Huyo mtoto ndio anakuja kwangu akiwa na miaka 19, mbio nzuri, mguu wa kushoto mtamu, anahema kuliko wenzake na kila mtu anasema ni mvivu.

Sasa wacha niwaambie vile sisi tunapimwa. Mwanzo wa msimu mmoja tulipewa fomu, moja kwa kila mchezaji, daktari ajaze na agonge muhuri. Timu haikuwa na pesa, meneja akasema anajua kliniki moja. Nilienda naye na zile fomu kwa bahasha. Mchezaji hata mmoja hakuja. Jamaa wa kliniki alifungua bahasha, akauliza ni ngapi, akataja bei ya kila moja, akaanza kugonga. Kuna mstari kwa hio fomu umeandikwa moyo na mapafu, yeye aliandika "nomo" kwa haraka, ata si "normal" kamili, moja baada ya nyingine mpaka mwisho, na kwa presha ya damu akaandika 120 chini ya 80 kwa kila mtu, timu nzima presha moja. Nilisimama apo nikiangalia jina la winga wetu, ambaye wiki hio hio alikuwa ameniambia akikimbia sana taa zinakuwa kama zinazima, limegongwa muhuri wa kuwa mzima.

Siwaambii hii ndio mumtafute mtu wa kliniki. Nawaambia juu mkiomba karatasi mtaletewa karatasi. Italia walielewa hili zamani. Tangu 1982 sheria yao inasema mtu haingii mashindano bila kupimwa, na kipimo cha umeme wa moyo kimo ndani, na anayesaini cheti anajifunga. Davide Astori, kapteni wa Fiorentina, alipofariki usingizini hotelini Machi 2018, kesi ilifika kortini na mwaka 2021 daktari aliyesaini cheti chake akapatikana na hatia. Huko sahihi ina uzito. Hapa mwenye muhuri anajua hakuna siku ataitwa aeleze.

Na tafadhali mtu asije na ile ya serikali haina uwezo wa kupima wanariadha, juu uwezo tumeuona. Mwishoni mwa 2022, tulipokuwa karibu kufungiwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 za kupambana na hio kitu. Na ni vizuri, mimi naunga mkono kabisa. Leo mkimbiaji mkubwa wa Iten anaamshwa alfajiri na watu wa vipimo, anasema kila siku atalala wapi na atapatikana saa ngapi, anatoa mkojo mtu akimwangalia, anatolewa damu, chupa zinafungwa, zinasafirishwa kwa ndege. Hio mipango yote inawezekana kwa ajili ya kulinda jina la nchi. Sasa huyo huyo mkimbiaji muulizeni kama amewahi kulazwa kwa kitanda akawekwa zile waya kumi kifuani na mikononi na miguuni. Kipimo hakiumi, hakuna sindano, dakika chache karatasi inatoka na mistari yake, unavaa shati unaenda.

Hesabu nayo si kubwa. Ligi kuu ina timu 18. Tuseme kila timu ina wachezaji 30, hao ni 540. Tuseme ECG moja, ndio hicho kipimo cha waya, mmeongea na hospitali mkapewa elfu mbili. Ni milioni moja na elfu themanini kwa ligi yote. Wakati wa CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2025, hapa hapa Kasarani, rais aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars milioni moja kwa kila mechi wakishinda. Walistahili, nilishangilia kama kila mtu. Lakini angalieni hizo namba mbili zikiwa pamoja, bonasi ya mchezaji mmoja kwa ushindi mmoja inakaribia kumaliza kazi ya kupima ligi kuu yote. Ata kama bei ni mara mbili ya hio niliyosema, bado ni bonasi za watu wawili na kidogo juu.

Najua kuna madaktari watasoma hapa waseme huyu wa begi anarahisisha mambo. Wako na hoja na nimezisikiliza, na sitaki mje kuambiwa na mtu mwingine mkadhani nilificha. Italia, kwa jimbo la Veneto, walihesabu vifo vya ghafla vya vijana wanamichezo, mwanzoni ilikuwa 3.6 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, kufika 2004 ilikuwa imeshuka mpaka 0.4, karibu asilimia 89. Hio inavutia. Lakini Israeli nao waliweka sheria ya kupima na watafiti wao walipoangalia kabla na baada hawakuona tofauti. Na Uingereza, ambako FA, chama chao cha soka, imekuwa ikipima vijana wa akademi tangu miaka ya tisini, waliangalia vijana 11,168 waliopimwa kwa miaka 20, kwa ECG na eko, ile picha ya moyo, pamoja, wakapata 42 wenye kasoro za kuua. Baadaye wanane kati ya wote walikufa kwa moyo, na kati ya hao wanane sita walikuwa wamepimwa wakaonekana wako sawa. Sita kwa wanane! Niliposoma hio mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima.

Lakini isomeni mpaka mwisho. Wale vijana walipimwa mara moja wakiwa na miaka 16 hivi, na magonjwa mengine ya moyo hayajitokezi mpaka mtu aingie miaka ya ishirini, kwa hivyo funzo lake ni kupima tena na tena, si kuacha. Na wale 42 je? Hao ni watoto wa watu 42 waliojua mapema, wengi wakatibiwa wakarudi uwanjani. Mimi hapa sijawahi kuona kijana mmoja wa ligi za chini akiambiwa mapema na mfumo wa kawaida, aliyejua alijua kwa bahati.

Alafu kuna hoja nyingine ambayo kwangu ndio nzito kuliko zote, na ndio maana nimesema mpimaji awe anajua moyo wa mwanamichezo. Mtu akifanya mazoezi miaka mingi moyo wake unabadilika, unakuwa mkubwa, unapiga polepole, mkimbiaji wa marathoni anaweza kuwa na mapigo 40 kwa dakika akiwa amekaa na hana shida yoyote. Daktari asiyezoea akiona hio anashtuka. Na kwa sisi watu weusi kuna zaidi. Utafiti wa 2011 uliofanywa Uingereza na Ufaransa ulikuta karibu asilimia 23 ya wanamichezo weusi wana lile wimbi la T, moja ya vilima vya ule mstari wa ECG, limegeuka chini, wazungu hawakufika asilimia 4. Wimbi likigeuka kwa mgonjwa wa kawaida ni dalili mbaya, lakini kwa mwanamichezo mweusi, likiwa sehemu fulani za kifua na limetanguliwa na mstari wa kupanda kwa namna fulani, ni moyo wake tu ulivyo. Likigeuka sehemu nyingine, za pembeni, hapo si la kupuuza hata kidogo, apelekwe eko na zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 umeyaandika haya wazi, kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida na kipi kiko katikati. Kwa hivyo mkileta vipimo bila kufundisha wasomaji mtaharibu kazi za watu bure, kijana mzima kabisa ataambiwa aache mpira, na mwenye ugonjwa wa kweli ataambiwa ah, hio ni moyo wa mazoezi.

Na tena wengi wa hao wanamichezo weusi waliopimwa Ulaya asili yao ni Afrika Magharibi na Karibi. Sisi tuna wakimbiaji wa masafa marefu walio kati ya wakali zaidi duniani, tunaishi na kufanya mazoezi juu milimani, hii nchi ndio ingekuwa inafundisha dunia moyo wa Mkalenjin wa miaka 25 anayekimbia kilomita 200 kwa wiki unaonekana aje kwa karatasi. Tuko na madaktari wa moyo wazuri hapa Nairobi, vyuo vya udaktari viko, wanafunzi wanatafuta utafiti wa kufanya. Mnachokosa ni barua moja ya kuwakutanisha.

Yule winga, mjue alivyoendelea. Nilimtoa kwa kikosi, kocha akakasirika, na yeye mwenyewe akakasirika kuliko kocha, akasema nilikuwa nimwekee siri. Tulimchangia kwa M-Pesa, elfu moja huyu, mia mbili yule, mama wa chapati wa pale nje ya uwanja akatoa, na akaenda kupimwa mahali pa kweli. Daktari alishika ile karatasi ya mistari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu, hapa mstari ungepanda ghafla lakini kwake unaanza kupanda mapema na mteremko, kila pigo, ukishaonyeshwa mara moja huwezi kukosa kuuona. Ana njia ya ziada ya umeme kwa moyo, amezaliwa nayo. Ndio maana akikimbia sana taa zilikuwa kama zinazima. Kuna matibabu, wanapitisha waya mwembamba kwa mshipa wa pajani mpaka kwa moyo wanaichoma hio njia ya ziada, na wengi wanapona kabisa. Ilichukua muda kuzipata pesa, mchango wa pili na wa tatu, lakini alifanyiwa. Anacheza leo. Kama si yeye kulalamika kwangu, fomu yake bado ingekuwa imeandikwa nomo.

Hio hasira yake nataka muifikirie sana, juu ndio itaua mpango wenu kama hamtaipanga mapema. Vijana wanaficha. Wanaona moyo ukipimwa wanapoteza mshahara, na kwa wengine huo mshahara ndio unalisha mama na wadogo zake. Kijana atakaa na maumivu ya kifua msimu mzima kuliko amwambie kocha. Kwa hivyo mkipima, andikeni kwa sheria kwamba anayepatikana na kasoro mkataba wake haukatwi siku hio, analipwa mpaka vipimo vya pili viishe, na matibabu SHA, bima ya afya ya serikali, ama bima ya klabu ishike. Na mwambieni kwamba wengi wanarudi. Christian Eriksen alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 mbele ya dunia nzima, moyo umesimama, akashtuliwa pale pale uwanjani, akawekewa kifaa kidogo kifuani cha kuushtua moyo ukivurugika tena. Italia sheria yao haikumruhusu kuendelea na Inter akiwa nacho, akaenda Brentford Januari 2022, na kwa Euro ya 2024 akafunga bao mechi ya kwanza. Ila pia msiwadanganye, kuna wakati jibu ni acha. Dwamena aliwekewa kifaa hicho hicho, baadaye kikatolewa kwa kutaka kwake, akaendelea kucheza, na tunajua ilivyoisha. Kijana akiambiwa acha anahitaji mtu wa kukaa naye chini, na kazi nyingine ndani ya mchezo, kufundisha watoto, urefa wa mezani, chochote, si kupewa karatasi na nauli.

Kuna maswali pia, na maswali ni bure kabisa. Umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua kinabana? Kwenu kuna mtu alikufa ghafla kabla ya miaka 50? Hili la mwisho hapa kwetu liulizwe kwa akili. Ukimuuliza kijana kama kuna ugonjwa wa moyo kwao atasema hapana. Ukimuuliza kama kuna mtu alianguka tu akafa, atakwambia ndio, mjomba, alikuwa shambani, watu walisema ni mambo ya mashamba na jirani. Na shangazi alizama kwa mto na alikuwa anajua kuogelea. Hizo ndizo historia za moyo za familia zetu, hazijaandikwa popote, zimezikwa na jina lingine. Fomu ya Kiingereza ya kuweka tiki haiwezi kuzitoa, muulizaji akae na kijana aongee naye Kiswahili ama lugha ya kwao.

Sasa uwanja. Ata mkipima kila mtu vizuri kuna wa kuponyoka, tumeona. Fabrice Muamba alikuwa mchezaji wa ligi kuu Uingereza, si mtu wa mtaani, na bado moyo ulisimama White Hart Lane tarehe 17 Machi 2012. Dakika 78 haukupiga wenyewe. Alishtuliwa mara 15. Yuko hai leo juu watu walianza kubonyeza kifua papo hapo na mashine ilikuwa karibu, na daktari wa moyo aliyekuwa shabiki alishuka kutoka jukwaani akasaidia.

Kwetu mtu akianguka bila kuguswa nawaambia kinachotokea, juu nimekiona. Wa kwanza kufika anamshika ulimi. Kuna mtu anatafuta kijiko. Wa pili anainua miguu, wa tatu anamwaga maji usoni, wengine thelathini wanasimama duara hewa haipiti, na mtu anasema mwacheni anapumua, juu kweli anavuta pumzi moja kubwa yenye sauti, inakaa, alafu nyingine. Hio si kupumua. Hio ni mwili wa mtu ambaye moyo umesimama. Hapo ndipo mikono inatakiwa kuwa katikati ya kifua, mikono miwili, kubonyeza chini sentimita tano mpaka sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuogopa kuvunja mbavu, na mtu mwingine amekimbilia mashine. Kila dakika inayopita bila hayo nafasi ya kupona inashuka asilimia 7 mpaka 10. Sasa pigeni hesabu kutoka Camp Toyoyo, ama Hamza, ama Dandora, gari litafutwe, litoke, liingie Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Hakuna mtu anafika.

Mashine yenyewe inaongea. Ukiifungua inakwambia bandika hapa, simama mbali, bonyeza. Haiwezi kumshtua mtu ambaye hahitaji, inapima kwanza. Mtoto wa sekondari anaweza kuitumia akifundishwa asubuhi moja. Inagharimu laki kadhaa, na betri na zile karatasi za kubandika lazima zibadilishwe zikiisha muda, hio watu husahau, wanaifungia kwa ofisi ya meneja wa uwanja na meneja ameenda nyumbani na funguo. Ikae pembeni ya benchi la akiba, iandikwe kwa ripoti ya refa kabla ya mechi kama vile anaandika neti na bendera za kona. Haipo, mechi haichezwi. Mkifanya hivyo msimu mmoja mtaona klabu zitapata pesa zake. Na magari ya wagonjwa yakija mechini yaangaliwe yamebeba nini, juu gari la kubeba mtu tu bila vifaa na bila mtu mwenye ujuzi ni teksi.

Tena fungueni daftari. Kila mwanamichezo anayekufa ghafla nchi hii, wa ligi ama wa mtaani, aandikwe, na familia iombwe kwa heshima ikubali upasuaji wa maiti, gharama iwe yenu. Najua wengine watakataa na ni haki yao. Lakini bila hilo tutabaki kusema alikuwa na presha, alirogwa, alikunywa maji baridi, na ndugu yake mdogo ambaye pengine ana kasoro hio hio anavaa jezi ya marehemu wikendi inayofuata kumuenzi.

AFCON ya 2027 inakuja, sisi na Uganda na Tanzania. Kule Jamhuri kuna uwanja wa Talanta, nyasi na taa zinafuatiliwa na kila mkaguzi, na timu za taifa zitakuja zimepimwa juu mashindano makubwa yanadai hivyo. Mimi nawaombea hawa wengine, wa ligi za chini kama Super League na Division One, wakimbiaji wa mbio za barabarani wanaoishi kwa zawadi ya mshindi wa nane, vijana wa raga wanaogongana kila Jumamosi pale Ngong Road, na wanawake pia, juu ligi yao ndio ya mwisho kukumbukwa kila kitu kikigawanywa.

Anzeni kidogo mkitaka. Chukueni ligi kuu ya wanaume na ya wanawake msimu ujao, hospitali moja ya serikali yenye madaktari wa moyo, wikendi mbili au tatu, timu zipangwe kwa zamu. Tangazeni tarehe mapema na mseme nani atasoma hizo karatasi na kwa mwongozo gani. Na hizo fomu za mihuri zitupeni.

Sisi watu wa begi tutakuja kupanga foleni, kubeba viti, kutuliza wanaoogopa, bila malipo. Na kama mnataka kufundisha watu kubonyeza kifua, njooni Toyoyo Jumapili yoyote asubuhi, kuna timu tatu nne zinafanya mazoezi, leteni lile sanamu la kufundishia na mtu mmoja anayejua, watu wa kufundishwa mtawakuta hapo.

Wenu,
Doki wa timu, Eastlands, Nairobi